Tukague Kuta Kabla Mwizi Hajazikagua

Tarehe 3 Februari, 2023, kituo cha Serikali ya Ufaransa kinachoshughulikia usalama wa kompyuta, CERT-FR, kilitoa onyo kwamba wahalifu walikuwa wakizishambulia seva zinazoendeshwa kwa programu ya VMware ESXi. Katika muda wa siku chache, mafaili ya maelfu ya seva za Ulaya na Amerika ya Kaskazini yalikuwa yamefungwa kwa msimbo wa siri, na wenyewe wakidaiwa fedha ili wafunguliwe.

Uzito wa jambo hili unatokana na kazi ya seva za aina hiyo. Seva moja huwa mwenyeji wa kompyuta pepe nyingi: hii hutunza hesabu za mishahara, ile barua za ofisi, na nyingine kumbukumbu za wagonjwa. Mwenyeji akianguka, wageni wake wote huanguka naye.

La kusikitisha zaidi ni kwamba ufa ulioelekea kutumiwa na wahalifu hao haukuwa mpya. Sahihisho lake lilikwisha kutolewa tangu Februari, 2021. Ulikuwa katika huduma iitwayo SLP, ambayo husikiliza kwenye mlango namba 427, na ambayo mtengenezaji mwenyewe aliizima katika matoleo yaliyofuata ya mwaka huo huo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ukuta ulikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuukagua.

Kila seva ya ESXi ina ukuta wake wa moto, yaani sehemu inayoamua ni mawasiliano gani yaruhusiwe kuingia, na kutoka kwa nani. Lakini ruhusa nyingi huweza kuachwa wazi kwa anwani zote. Kwa seva mbili au tatu, fundi anaweza kuzipitia moja moja. Zinapofikia mamia, hawezi tena kusema kwa yakini ni milango gani iko wazi.

Ndiyo maana tunaunga mkono matumizi ya vyombo vya ukaguzi vinavyosoma tu bila kubadili kitu. Chombo cha namna hii huiuliza kila seva ni ruhusa zipi zimewashwa na ni anwani zipi zimekubaliwa, kisha hulinganisha majibu na orodha iliyoidhinishwa, na kutoa taarifa.

Wapo watakaouliza: kwa nini kisirekebishe papo hapo? Swali hilo ni la haki. Jibu letu ni kwamba badiliko moja la haraka katika ukuta wa moto laweza kumfungia nje fundi mwenyewe, au kuitenganisha seva na ghala la data zake, na kompyuta pepe zote zikasimama. Hofu ya kuharibu ndiyo inayowafanya mafundi wengi waahirishe ukaguzi. Chombo kisichogusa kitu huiondoa hofu hiyo, na hata mkaguzi asiye fundi aweza kukabidhiwa bila wasiwasi.

Hata hivyo, hatuna budi kutoa tahadhari. Haitoshi chombo kujiita cha kusoma tu. Kikipewa nywila ya msimamizi mkuu, basi kina uwezo wote wa msimamizi mkuu, na akiiba mtu nywila hiyo ameiba funguo za nyumba nzima. Kiundiwe akaunti yake yenye haki ya kusoma peke yake, ili mpaka uwekwe na seva na usitegemee ahadi ya chombo. Vile vile taarifa zake zitunzwe kwa siri, kwani orodha ya milango iliyo wazi ni ramani nzuri mikononi mwa mwizi.

Wala ukaguzi si tiba. Taarifa isiyosomwa, au isomwayo ikawekwa kabatini, haina tofauti na onyo la Februari, 2021 ambalo wengi hawakulitii kwa muda wa karibu miaka miwili.

Kwa hiyo tunatoa mwito kwa wakuu wa taasisi: waulizeni mafundi wenu ni lini kuta hizo zilikaguliwa kwa mara ya mwisho, nani alisoma taarifa, na ni mlango gani ulifungwa baada yake. Kama hakuna mwenye jibu, kazi na ianze leo.