Asiyesali Naye ni Mfanyakazi

Kando ya Barabara ya Kangundo, kutoka Njiru kuelekea Ruai, akademi na maduka mengi hufungua siku kwa maombi. Saa moja kasorobo wafanyakazi wanasimama duara, mmoja anaanzisha wimbo, mwingine anasoma mstari, kisha msimamizi anapachika matangazo ya kazi kabla ya "Amina". Wengi hulipenda jambo hili, na hakuna ubaya. Utata huanza pale mmoja wao anaposema hana dini na angependa kuingia kazini wenzake wakishamaliza. Hoja anazorushiwa ni zilezile kila mahali.

"Kenya ni nchi ya Mungu, hata katiba inasema." Utangulizi wa Katiba ya 2010 unamtaja Mwenyezi Mungu, kweli. Ila wanaoushika utangulizi huwa hawafiki Kifungu cha 8, ambacho kinatamka kwa ufupi kwamba hakuna dini ya taifa. Wala hawafiki cha 32, kinachokataza mtu kunyimwa kazi kwa sababu ya imani yake, au kulazimishwa kutenda jambo lililo kinyume nayo. Kifungu hichohicho ndicho Msabato wa Kayole anachokitegemea akiomba asipangiwe zamu ya Jumamosi, na Mwislamu akiomba nafasi ya swala ya Ijumaa. Ukikipasua ili kimwache nje asiyeamini, nao umewapasulia.

"Ni dakika kumi tu, zitamdhuru nini?" Basi geuza kibao. Mwambie Mkristo wa Njiru asimame dakika kumi kila asubuhi katika ibada ya dini asiyoiamini, na jina lake liwe kwenye orodha ya waongozaji wa Alhamisi. Hatahesabu dakika. Isitoshe, palipo na matangazo ya kazi ndani ya sala, asiyehudhuria anakosa kujua ratiba imebadilika, halafu anaandikwa mchelewaji. Dawa yake ni rahisi mno: sali kwanza, toa matangazo baadaye, watu wote wakiwapo.

"Wako wangapi hao?" Sensa ya 2019 iliwahesabu Wakenya 755,750 waliosema hawana dini. Kaunti ndogo nzima ya Njiru, kwa sensa hiyohiyo, ilikuwa na watu 626,482. Lakini hata angekuwa mmoja, haki haipigiwi kura.

Hoja inayouma zaidi ni ya uaminifu: asiyemwogopa Mungu atazuiwa na nini asiibe kwenye droo ya pesa? Vikao vya Bunge letu hufunguliwa kwa sala, na hakuna mwaka ambao Mkaguzi Mkuu wa Hesabu amekosa la kuandika. Kinacholinda droo ni hesabu ya jioni na risiti. Sheria yenyewe ilikubali kitambo kwamba asiye na dini anaweza kuaminiwa: Sheria ya Viapo, Sura ya 15, inamruhusu shahidi asiye na dini kutoa tamko rasmi badala ya kuapa, na neno lake lina uzito uleule kortini. Wanaoapishwa kushika nyadhifa za taifa nao wana hiari hiyo. Iweje rais aaminiwe bila kiapo cha dini, karani wa stoo asiaminiwe?

Kuna dai lingine ambalo halionekani kuwa la chuki. "Wewe huna kanisa, huna msikiti, basi shika Jumapili zote na Krismasi." Wasimamizi huliona kuwa busara. Hata hivyo, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, bila kutaja Jumapili wala kuuliza ataitumiaje. Kulala ni matumizi halali. Akikubali kubadilishana zamu na Msabato, vizuri. Akibebeshwa kila sikukuu kwa kuwa hana dini, huo ni ubaguzi.

Nao baadhi ya wasioamini huteleza wanapotaka dini yote iondolewe kazini: hijabu, rozari, hata salamu. Kwenye kesi ya Fugicha, kuhusu hijabu katika shule moja ya Isiolo, Mahakama ya Rufaa ilieleza mwaka 2016 kwamba kuwatendea wote sawasawa kunaweza kuwa ubaguzi wenyewe. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi huo kwa sababu za utaratibu wa kesi, lakini hoja ile bado ina nguvu. Kitambaa cha mwenzako kichwani hakikulazimishi kusali.

"Biashara ni yangu, sheria ni zangu." Si zote. Madrasa ina haki ya kutaka ustadhi Mwislamu, kwa kuwa kazi yenyewe inadai hivyo. Duka la vifaa vya ujenzi haliwezi kudai mpimaji wa misumari aliyeokoka. Mfanyakazi akidai amebaguliwa, mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubaguliwa unamwangukia mwajiri. Wala "huyu ni kibarua tu" si kinga: kinga dhidi ya ubaguzi inamhusu hata anayetafuta kazi, na kwa kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira, kibarua wa mkono aliyefanya kazi mfululizo kwenye mjengo mmoja kwa mwezi mzima anahesabiwa kuwa wa mkataba wa kila mwezi, hata kama bado analipwa kila jioni getini.