Taa Nyekundu: Ipi Inunuliwe?

Ajaye kununua taa ya mwanga mwekundu kwa ajili ya ngozi au viungo viumavyo, kwanza na asome kibandiko chake. Mwanga wa nanomita 630 hadi 660 huonekana, nao huishia karibu na ngozi. Ule wa 810 hadi 850 karibu hauonekani, lakini huzama ndani zaidi. Goti la askari lililochoshwa na gwaride lafaa huu wa pili, japo nafuu yake si ya muujiza. Kinyago ni cha uso tu. Mgongo wataka ubao wenye taa nyingi. Globu iliyopakwa rangi ni pambo la baa. Ngozi nyeusi hufyonza mwanga mwingi zaidi na yaweza kufanya madoa, basi mwanzoni dakika chache zatosha, macho yakiwa yamefunikwa. Kidonda kisichopona kipelekwe zahanati.