UKURASA WA NYUMBANI: Ua la Usambara na Mapenzi Yasiyo na Elimu

Mara kwa mara twaulizwa na wageni waingiao nyumbani kwetu, khususan majirani na vijana wao: "Mwafanyaje hata maua haya yakasitawi hivi ndani ya nyumba? Sisi tukiyanunua hayapiti miezi mitatu." Jibu letu la kwanza huwa lile lile, nalo huwastaajabisha: twayatilia maji machache kuliko mnavyoyatilia ninyi. Mwezi huu tumeona yafaa kulieleza jambo hili kwa urefu, maana mtu akilifahamu ua moja lililo gumu, mengine yatamsahilikia.

Ua tulikusudialo ni lile dogo lenye majani manene ya manyoya laini, yaliyojipanga mviringo kama sahani, na katikati yake maua ya zambarau, meupe au ya waridi. Wengi hulidhania kuwa ni la Ulaya, kwa kuwa huuzwa madukani katika vikopo vya plastiki. Kumbe ni mwenyeji wa huku kwetu! Katika mwaka 1892, wakati wa utawala wa Wadachi, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mkubwa wa serikali yao huko Tanga, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani. Baba yake akampa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, naye mwaka 1893 akaliandika katika elimu ya mimea kwa jina la Saintpaulia. Wajerumani hata leo huliita kwa jina la Usambara. Wamarekani walilipenda mno, wakaliundia chama chao mwaka 1946, na aina zilizozalishwa na watu sasa ni maelfu. Tangu mwaka 2015 wataalamu wameliingiza katika kundi la Streptocarpus, walakini wapenzi wake hawajaliacha jina la zamani.

Sasa tueleze yaliyotupata sisi wenyewe, wala hatuoni haya kuyataja, kwani kosa la mwalimu likifichwa humpotosha mwanafunzi.

Marehemu mama yetu alikuwa nalo moja la zambarau, Lushoto, katika dirisha la jikoni. Alipofariki, kila ndugu alichukua kitu cha kumkumbukia: huyu kanga, huyu tasbihi, nasi tukachukua chungu kile cha ua tukashuka nacho Tanga. Wakati huo tulikwisha kuwa watu wa maua kwa miaka mingi, tukijiona mafundi. Basi kila asubuhi kabla ya kutoka tulilitilia maji kikombe kizima. Tukilitazama ni kama kwamba twamtazama mama, na mkono wa mwenye huzuni hauna kipimo.

Yalipopita majuma matatu, majani yalilegea yakalala juu ya ukingo wa chungu. Tukasema: ni joto la pwani, lina kiu. Tukazidisha maji. Siku ya nne tulipoligusa, moyo wa ua ulitoka mkononi mwetu, umekuwa rangi ya kahawia na laini kama ndizi iliyooza. Binti yetu wa miaka kumi na miwili alikuwa amesimama mlangoni akitazama. Akasema kwa sauti ndogo: "Mama, bibi alikuwa akitia kidole kwanza."

Maneno hayo yalituchoma kuliko kifo cha ua lenyewe. Mtoto alikuwa amemtazama bibi yake akifanya kazi; sisi tulikuwa tumeyatazama maua tu.

Siri ya jambo hili ni hii. Mizizi ya mmea hunywa maji, lakini pia huvuta pumzi. Udongo ukijaa maji daima, hewa hutoka na mizizi huoza. Mizizi iliyooza haiwezi kunywa tena, kwa hiyo majani hulegea sawasawa na majani ya mmea wenye kiu. Mmea uliokosa maji na mmea uliozama huonyesha dalili moja! Mwenye mapenzi bila ya elimu huona majani yamelegea, akamwagia maji mgonjwa aliyekwisha kuzama. Dawa ya kuzitambua hali mbili hizi ni kidole. Kitie katika udongo: ukiwa mkavu juu, tilia maji, ukiwa umelowa na majani yamelegea, usitie hata tone, bali litoe ua chunguni uitazame mizizi yake.

Tangu siku ile twashika kanuni hizi, nazo hazijatuangusha.

Ama maji, huyatia katika kisahani kilicho chini ya chungu, hunywa kwa muda wa nusu saa, kisha twayamwaga yaliyobaki. Maji yawe ya uvuguvugu wa chumba, kwani maji baridi yakidondoka juu ya majani huacha mabaka yasiyofutika. Walio pwani wajihadhari na maji ya visima vyenye chumvi. Chumvi hukusanyika udongoni ikaunguza mizizi. Maji ya mvua yaliyokingwa ni bora kuliko yote.

Ama mwanga, ua hili kwao huota katika nyufa za majabali, chini ya kivuli cha miti ya msitu, aghalabu karibu na vijito. Kwa hiyo lataka mwanga mwingi lakini si jua lenyewe. Dirisha la mashariki, lipatalo jua pole la asubuhi, hufaa sana. Kwenye dirisha lenye jua kali, tundika pazia jepesi. Majani yakirefuka mashina yake na maua yakakatika, ni giza. Yakigeuka manjano na kukakamaa, ni jua limezidi. Nasi kila juma hukizungusha chungu robo ya mzunguko, ili ua lisielemee upande mmoja.

Ama joto, lapenda kati ya digrii 18 na 24, na juu ya 30 aina nyingi za madukani hutaabika. Mtu wa pwani asikate tamaa kwa hayo, maana mojawapo ya aina za mwituni huota hata katika nchi za chini za Kilifi, huko Kenya, kwenye vivuli vya majabali. Tafuta pahala penye upepo na kivuli mchana, na uweke chungu juu ya sahani ya kokoto zenye maji, ili mvuke upande. Lakini tako la chungu lisiguse maji hayo.

Ama udongo, usichote wa shambani ukautia ulivyo, kwani hushikana ukawa kama tofali. Sisi huchanganya mboji ya majani iliyochekechwa, makumbi ya nazi yaliyopondwa, mchanga mnene na vipande vidogo vya mkaa. Makumbi sharti yaoshwe mara nyingi, maana yaliyofukiwa ufuoni huwa na chumvi. Chungu kiwe kidogo, upana wake kama theluthi ya upana wa majani. Chungu kikubwa ni shimo la maji.

Tena utazame chini ya majani na katika maungio yake. Ukiona vitu vyeupe kama pamba, hao ni vidung'ata. Wafute kwa pamba yenye spiriti, na ua hilo litenge na wenzake. Ua jipya lolote liingialo nyumbani kwetu hukaa peke yake mwezi mzima kabla ya kuchanganywa na wenyeji.

Msomaji atauliza: na lile ua la mama, likawaje? Katika majani yote, moja la pembeni lilikuwa bado gumu. Tulilikata kwa wembe safi, tukaliachia kikonyo cha urefu wa sentimita tatu, ncha yake imekatwa mshazari, tukalichomeka katika mchanga wenye unyevu na kulifunika kwa mfuko wa nailoni ulio mwangavu. Safari hii kazi ya maji tulimkabidhi binti, naye hakutia hata mara moja bila ya kidole. Mwezi wa kwanza halikuonyesha chochote. Wa pili pia. Nusura tulitupe, lakini binti akatuzuia. Katika mwezi wa tatu vikatokeza kando ya kikonyo vijani vitatu, kila kimoja kama sikio la panya. Alhamdulillahi! Baada ya kiasi cha mwaka likafunua ua la kwanza, la zambarau ile ile.

Neno moja tena kwa vijana waendao matembezi Usambara. Mkiyaona maua haya majabalini, msiyang'oe. Msitu wa asili umepunguzwa sana na mashamba na ukataji wa miti, na baadhi ya aina za mwituni zimebaki pahala pachache mno. Sehemu ya msitu huo huhifadhiwa katika Hifadhi ya Amani, iliyoanzishwa mwaka 1997. Litakalo kuoteshwa nyumbani lapatikana kwa jani moja kutoka kwa jirani, wala halipunguzi kitu kwake. Litakalong'olewa msituni halirudi.

Hivi sasa vile vijani vitatu ni vyungu vitatu: kimoja kipo Lushoto kwa dada yetu, katika dirisha lile lile la jikoni, kimoja kwetu, na cha tatu ni cha binti, ambaye atakichukua aendako inshaallah siku atakapoolewa. Mwenye kutaka kuanza, na aombe jani. Na kabla ya kushika kikombe cha maji, atie kidole.