Anayepima zebaki asome na sheria

Msitu wa Kakamega ni mmoja kwa miti yake, lakini una watunzaji wawili. Upande wa kaskazini, Buyangu na Kisere, ulitangazwa hifadhi ya kitaifa mwaka 1985 na uko mikononi mwa Shirika la Huduma za Wanyamapori, ambako mwanakijiji haruhusiwi kutoka na kuni. Upande wa kusini, kule Isecheno, Shirika la Huduma za Misitu hutoa kibali cha kuokota kuni na kulisha ng'ombe kwa malipo. Mwanafunzi anayekuja kupima unene wa mashina na kuhesabu miche ataikuta tofauti hiyo kwenye daftari lake. Asipojua kwamba msitu huu umetawaliwa kwa kanuni mbili kwa zaidi ya miaka 40, ataitafuta sababu kwenye udongo na mvua, na pengine asiipate. Ndiyo maana nashikilia kwamba shahada ya kwanza ya mazingira katika vyuo vyetu ifundishe sayansi na sera bega kwa bega tangu muhula wa kwanza, wala sera isiachwe kuwa somo moja la kuchagua katika mwaka wa nne, wakati akili za wanafunzi zimeshahamia kwenye kutafuta kazi.

Tusijidanganye kwamba tatizo letu ni uhaba wa maarifa. Msitu huu, kipande cha mashariki kabisa cha misitu ya mvua ya Kongo, ni miongoni mwa misitu iliyochunguzwa sana katika Afrika Mashariki. Mradi wa BIOTA, uliofadhiliwa na serikali ya Ujerumani kuanzia 2001 hadi 2010, uliwaleta hapa wataalamu wa ndege, wadudu, mimea na udongo. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kilichopata hadhi kamili mwaka 2007, kiko mwendo mfupi tu wa matatu kutoka kwenye miti hiyo. Kinachopungua ni watu wanaoweza kuitwaa takwimu ya mtafiti na kuigeuza kuwa sharti la leseni, fungu katika bajeti ya kaunti, au hoja mbele ya kamati ya bunge la kaunti.

Tazama dhahabu. Kakamega iliwahi kuvamiwa na wasaka dhahabu miaka ya 1930, na machimbo ya Rosterman yakapata jina. Leo wachimbaji wadogo wamesambaa Ikolomani na kwingineko, na wanawake wengi ndio wanaosaga na kusafisha mawe. Ili kuinasa dhahabu, vumbi la mawe huchanganywa na zebaki, mara nyingi kwa mikono mitupu, kisha donge linalopatikana huchomwa. Zebaki hupaa kama mvuke na kuingia mapafuni mwa anayechoma na mwa mtoto aliyeketi kando yake, na mvuke huo hudhuru neva. Inayobaki huoshwa hadi mtoni. Humo vijidudu huigeuza kuwa aina yenye sumu kali zaidi, inayojikusanya katika samaki. Maji ya eneo hili, kupitia Isiukhu na Nzoia au kupitia Yala, huishia Ziwa Viktoria, kwa hiyo aliye Kisumu au Busia hawezi kusema hayamhusu.

Mwanasayansi aliyefundishwa sayansi tupu atapima zebaki hiyo, atashtuka, na atapendekeza ipigwe marufuku. Mwanasheria aliyefundishwa sheria tupu atamjibu kwamba dunia ilikubaliana kuidhibiti zebaki kwa Mkataba wa Minamata mwaka 2013, na Kenya ikauridhia 2023. Wote wawili wamesema kweli, na bado mama pale kwenye karai hajaonyeshwa njia nyingine ya kupata unga wa jioni. Anayehitajika ni yule anayejua kwamba kuna vifaa vya kunasa mvuke wa zebaki, na kwamba zipo njia za kutenga dhahabu kwa uzito wake bila zebaki. Ajue pia kwamba Sheria ya Madini ya 2016 inamtambua mchimbaji mdogo na kumwekea utaratibu wa kibali, na kwamba mtu asiye na kibali hawezi kukopeshwa kifaa wala kukaguliwa. Mambo hayo yamefungamana. Ukiyagawa kwa vitivo viwili, hakuna atakayeyaona yote kwa pamoja.

Ushahidi mwingine uko Lamu. Mwaka 2016 kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe, cha megawati 1,050, kilipewa leseni ya mazingira. Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira likaifuta. Ripoti ya tathmini ilikuwepo, kubwa na yenye majedwali tele. Iliangushwa hasa kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na pia kwa sababu Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa. Hapo ndipo wanaosema sera ni maneno matupu wanapokosea: bila ushirikishwaji wa kweli, hata sayansi ya tathmini haikuweza kuiokoa leseni hiyo.

Najua pingamizi. Wapo wahadhiri wanaosema kozi ya namna hii humtoa kijana anayejua kidogo cha kila kitu, asiyeweza kupima sampuli wala kuandika mswada. Pingamizi hili ni la haki, na kozi nyingine zimelistahili. Jibu lake ni kubana mtaala: kemia ya maji, takwimu na kazi ya nyanjani ziwe za lazima, na kila kipimo mwanafunzi anachochukua kimalizikie kwenye waraka ambao ofisi fulani yaweza kuutumia. Wengine watauliza mbona Wangari Maathai aliyatetea mazingira akiwa amesomea biolojia. Ni kweli, lakini tukumbuke yaliyomkuta mwaka 1989 alipopinga jumba refu lisijengwe Uhuru Park: mahakama iliitupa kesi yake kwa kuwa hakuwa na haki ya kushtaki. Jengo hilo halikujengwa, ila ilibidi apige kelele hadi nje ya nchi na avumilie matusi. Sheria ya mazingira ya 1999 ilianza kuufungua mlango huo wa mahakama, na Katiba ya 2010, kifungu cha 70, haimdai mlalamishi athibitishe kwamba yeye binafsi amedhurika. Mlango uko wazi sasa, na anayepita hapo lazima awe na ushahidi uliopimwa vizuri na kupangwa jinsi mahakama inavyoutaka.

Kuhusu ajira, ambayo ndiyo swali la kwanza la mzazi anayelipa karo, sitaahidi kwamba kila mhitimu atapata meza. Lakini tathmini ya athari kwa mazingira ni lazima ifanywe na mtaalamu aliyesajiliwa na NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, na Katiba imezipa kaunti zote 47 jukumu la kutekeleza sera za kitaifa za kuhifadhi udongo, maji na misitu. Kaunti isiyo na mtu wa kuisoma ripoti ya mwekezaji itaipitisha kwa kuangalia jalada.

Jambo hili lina saa yake. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi walioingia Gredi ya 10 Januari 2026 wamechagua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Watakapobisha hodi vyuoni mwaka 2029, wa mkondo wa sayansi atakuwa amekaa miaka mitatu mbali na somo la utawala, na wa sayansi za jamii mbali na maabara. Vyuo vina chini ya miaka minne ya kuandika kozi inayowapokea wote wawili. Naomba ianzie hapa Kakamega, na zoezi lake la kwanza liwe kuwapeleka pamoja Ikolomani, mmoja na chupa za sampuli na mwingine na nakala ya Sheria ya Madini, warudi na ripoti moja iliyotiwa saini na wote wawili.