Kaze alirudi kuwa msaidizi pale alipofukuzwa: makocha wa Uvira watazame nini katika safari yake

Mashabiki wa mpira wa Uvira wanaofuata redio za Burundi na za Tanzania wanamjua Cédric Kaze toka miaka mingi. Ni Murundi, mtu wa hapa karibu kabisa: ukivuka mpaka wa Kavimvira na kupita Gatumba, ni kama kilomita 30 hivi hadi katikati ya Bujumbura. Mwaka 2025, Kaizer Chiefs ya Afrika ya Kusini ilipoachana na kocha wake Nasreddine Nabi, uongozi wa ekipe uliachiwa watu wawili waliokuwa wasaidizi wake: Khalil Ben Youssef na huyo Kaze. Munamo mwezi wa 10, wawili hao waliiondoa AS Simba ya Kolwezi na kuingiza Chiefs kwenye makundi ya Kombe la Shirikisho la CAF. Wakongomani wengi waliumia siku ile. Lakini kwenye vijiwe vya mpira watu waliulizana pia: huyu Kaze si ndiye Yanga walimfukuza?

Ndiye. Na namna alivyotoka pale kufika Johannesburg inafaa kuangaliwa kwa makini na kila mtu anayefundisha mpira huku kwetu, awe anafundisha watoto Kavimvira, Mulongwe ao Kalundu. Maana Kaze alikubali kitu ambacho makocha wengi wanakiona kuwa ni haya: kushuka.

Tuanze mwaka 2020. Yanga walitangaza mwezi wa 8 kwamba Kaze ndiye kocha mpya. Wakati huo alikuwa anaishi Canada, anafundisha vijana. Mbele ya hapo alishafundisha Burundi, na Rwanda aliifundisha Mukura ya Huye. Halafu akaomba apewe muda juu ya mambo ya familia. Yanga hawakungoja, wakamchukua Zlatko Krmpotić wa Serbia. Huyo Mserbia hakumaliza hata miezi miwili. Mwezi wa 10 Yanga wakarudi kwa Kaze, na safari hii akaja.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Munamo tarehe 13 mwezi wa 1 mwaka 2021, kule Zanzibar, Yanga waliwapiga Simba kwa penalti na kubeba Kombe la Mapinduzi. Kwenye ligi walikuwa kileleni na hawajafungwa hata mechi moja. Kisha mwezi wa 3 wakafungwa na Coastal Union pale Tanga, na siku chache nyuma yake wakatoka sare na Polisi Tanzania. Basi. Siku ileile ya sare Kaze alifukuzwa pamoja na benchi lake, na ekipe ilikuwa bado ya kwanza kwenye ligi! Miezi mitano haikutimia.

Mtu angefikiri jina lake limekwisha pale Dar es Salaam. Yanga wakamchukua Nabi, Mtunisia mwenye pia uraia wa Ubelgiji. Na mwezi wa 9 mwaka ule wa 2021, wakamwita tena Kaze, safari hii akae kiti cha pili, chini ya Nabi. Akakubali.

Tufikirie vizuri jambo hilo. Ni klabu ileile, viongozi walewale, mashabiki walewale waliokuwa wanapiga kelele aondoke. Wachezaji waliokuwa wanamwita kocha mkuu sasa wanamwona anapanga koni kwenye tereni, huku mwingine ndiye anasema nani acheze. Huku kwetu, antrenere wa kartie akiambiwa mwenzake amekuwa mkubwa wake, mara nyingi anachukua filimbi yake na mipira, kama mipira ni yake, anaenda kuanzisha ekipe nyingine mtaa wa pili. Ndiyo sababu moja kuko ekipe nyingi ndogo na benchi ambazo hazidumu.

Kaze alibaki miaka miwili. Msimu wa 2021-22 Yanga walibeba ubingwa bila kufungwa: mechi 30, ushindi 22, sare 8. Wakongomani walikuwa ndani ya kazi ile, na Uvira tulijua majina yao kama ya ndugu: Djuma Shaban na Yannick Bangala nyuma, Fiston Mayele mbele. Hakuna aliyewafunga kwenye ligi mpaka Ihefu, mwezi wa 11 mwaka 2022, baada ya mechi 49. Msimu wa 2022-23 wakabeba ligi tena, kisha wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho. USM Alger waliwafunga 2-1 Dar es Salaam, Yanga wakashinda 1-0 Alger, na kombe likabaki Algeria juu ya magoli ya ugenini. Mayele alimaliza mashindano yale na magoli 7, mfungaji bora.

Sifa zote zilienda kwa Nabi, na ni haki yake. Lakini watu wanasahau namna benchi la siku hizi linavyofanya kazi. Kocha mkuu anaamua, anasema na waandishi wa habari, anabeba lawama. Wasaidizi ndio wanagawana kazi yenyewe: huyu anashika mabeki, namna wanavyosimama mstari mmoja na nani atoke kumfuata mshambuliaji, yule anashika kona na mipira ya faulo, mwingine anakaa na kompyuta kukata video za mpinzani. Makipa wana mtu wao. Ekipe inayoruhusu magoli machache hivyo haikutengenezwa na mtu mmoja. Ilirudia zoezi moja asubuhi hadi wachezaji wakachoka nalo, na wa kulirudisha kila siku mara nyingi ni msaidizi.

Mwaka 2023 Nabi aliondoka, na Kaze akajaribu tena kuwa mkubwa, pale Namungo ya Ruangwa, mkoa wa Lindi. Haikuenda, miezi michache tu wakaachana. Hapo inabidi kusema wazi: kuna watu ambao kiti cha pili kinawafaa kuliko cha kwanza, na si tusi. Ao pengine Namungo haikuwa na wachezaji wa kazi aliyoitaka. Vyovyote vile, mlango uliomfungulia Afrika ya Kusini haukuwa ule wa Namungo. Nabi alipopewa Kaizer Chiefs mwaka 2024, Kaze akaja kukutana naye tena kwenye benchi lile. Kazi yake ya msaidizi, ile iliyoonekana ya chini, ndiyo ilimfikisha mahali ambapo makocha wakuu wengi wa ukanda huu hawajafika.

Kuna njia nyingine, na ni Murundi mwingine aliyeipita. Étienne Ndayiragije alipanda ngazi moja-moja akiwa kocha mkuu: Mbao ya Mwanza, aliyoifikisha fainali ya Kombe la FA mwaka 2017 na kufungwa 2-1 na Simba kule Dodoma, kisha KMC, kisha Azam, kisha Taifa Stars. Mwezi wa 9 mwaka 2019 alikaa benchi la Tanzania dhidi ya inchi yake mwenyewe, kutafuta njia ya Kombe la Dunia. Sare 1-1 Bujumbura, sare 1-1 Dar es Salaam, na penalti zikawatoa Warundi. Hakuna kazi ngumu kama ile kwa mtu ambaye jioni anapigia simu wazazi wake. Baadaye Burundi wenyewe walimwita awafundishie timu ya taifa.

Na Wakongomani? Wako. Mwinyi Zahera alikuwa msaidizi wa Florent Ibenge kwenye Léopards, na mwaka 2018 akapewa Yanga, ekipe ambayo wakati ule haikuwa na pesa hadi mashabiki wakaombwa wachange. Msimu uliofuata aliimaliza ya pili nyuma ya Simba. Ibenge mwenyewe, mzaliwa wa Mbandaka, alianzia ekipe ndogo za kaskazini ya Ufaransa. Baadaye ikawa Vita Club, Léopards aliowapa CHAN ya 2016 kule Kigali, RS Berkane ya Morocco iliyobeba Kombe la Shirikisho mwaka 2022, Al Hilal ya Sudan, na mwaka 2025 Azam. Tazama lakini: makocha hawa wote walipata masomo na karatasi zao Ulaya ao Kinshasa. Kutoka mwambao huu wa Tanganyika, Uvira hadi Baraka na Fizi, ni vigumu kutaja mmoja aliyefika kwenye benchi la klabu kubwa ya Dar es Salaam, ingawa lugha ya kazi kule ni Kiswahili na sisi tunacho.

Shida ya kwanza ni karatasi. CAF wana ngazi: leseni D, C, B, A, na juu kabisa Pro. Bila leseni inayotakiwa hukai benchi la mashindano yao, hata ukiwa na akili namna gani. Mwaka 2021 Simba ya Dar es Salaam waliona jambo hilo kwa macho yao. Kocha wao Mfaransa, Didier Gomes, hakuwa na karatasi CAF waliyoitaka, ikabidi watafute msaidizi mwenye leseni A, Mnyarwanda Thierry Hitimana. Msaidizi akawa ndiye mwenye ruhusa, mkubwa hana. Hitimana hakuletwa juu ya jina, aliletwa juu ya karatasi aliyoisomea kwa miaka.

Sasa linganisha. Kocha wa Bujumbura akisikia kuna formasio ya leseni, shirikisho lake liko mjini kwake, anapanda basi. Kocha wa Uvira, FECOFA yake iko Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500, na hakuna barabara ya kupita. Ni ndege, na tiketi ya ndege inashinda mapato ya mwaka mzima ya mtu anayefundisha watoto bure. Kungoja formasio ije Bukavu, tangu mji ule uchukuliwe na M23 mwezi wa 2 mwaka 2025, ni kungoja kitu ambacho hakuna anayejua siku yake. Hapo makocha hawana kosa. Wenye kuulizwa ni wakubwa wa mpira: kwa nini formasio ya ngazi ya chini, ile D isiyohitaji vitu vingi, isiletwe hapa Uvira penyewe wakati vijana wamejaa na michezo ndiyo kitu pekee kinachowashika mbali na bunduki?

Shida ya pili ni yetu wenyewe, na haihitaji ndege. Ekipe nyingi za hapa zina mtu mmoja: ndiye kocha, ndiye wa makipa, ndiye mwenye kuweka jezi kwake nyumbani. Akiugua, mazoezi yamesimama. Akikosana na prezida wa ekipe, kila kitu kinaanza upya. Hakuna kijana anayejifunza pembeni yake, akiandika kwenye daftari ni beki gani anachelewa kugeuka, ni kona ngapi zimeleta goli. Kumpa kijana kama huyo kazi ya mabeki peke yake kwa msimu mmoja hakuna gharama. Na mkataba wa ukurasa mmoja, unaosema nani anafanya nini na nani anaweza kumtoa, unaandikwa kwa kalamu ya franga chache. Hata Yanga wenye mali walimfukuza mtu akiwa wa kwanza kwenye ligi. Ekipe isiyo na karatasi yoyote itamfanyia kocha wake nini siku ya kwanza ya kufungwa?

Kuna wanaosema kwamba kuzungumza leseni wakati huu wa vita ni kupoteza muda. Burundi nao walipita vita virefu, na Kaze na Ndayiragije walikulia humo.

Makundi ya Kombe la Shirikisho ya msimu wa 2025-26 yalipangwa hivi. Chiefs ya Kaze na Ben Youssef waliwekwa na Zamalek na Al Masry za Misri, pamoja na ZESCO United ya Zambia. Azam ya Ibenge, iliyoingia makundi kwa mara ya kwanza katika historia yake, iliangukia kundi moja na Wydad ya Casablanca, Nairobi United, na ndugu zetu wa Kindu, AS Maniema Union. Wanaofuata mechi kama hizo, wasitazame mpira peke yake. Kamera ikienda kwenye benchi, wamtafute yule anayesimama nyuma ya kocha mkuu na daftari mkononi.