Staringi Naye Aseme Ekegusii

Wako wazee wanaodhani kuwa filamu za kareti za Hong Kong ni upuuzi wa vijana, ngumi na mateke matupu. Mimi sikubaliani nao. Filamu hizo zina funzo kubwa kwa watu wa Kisii na Nyamira, nalo ni funzo la lugha.

Tuanzie zilikotoka. Wenyeji wengi wa Hong Kong husema Kikantoni. Tangu mwaka 1949 walimtazama shujaa wao Wong Fei-hung, aliyeigizwa na Kwan Tak-hing, akipigana na kunena kwa lugha yao. Baadaye kampuni kubwa, hasa ile ya ndugu wa Shaw, zikakumbatia Kimandarini kwa kutafuta soko pana. Kufikia mwaka 1972 filamu za Kikantoni zilikuwa karibu kutoweka. Hata Bruce Lee, aliyelelewa na Kikantoni, The Big Boss yake ya mwaka 1971 ilitolewa kwa Kimandarini. Ndipo mwaka 1973 ikatoka The House of 72 Tenants, mchezo wa kuchekesha juu ya wapangaji maskini. Ilikuwa ya Kikantoni, na watu wakafurika. Lugha ikarudi kwenye pazia.

Bruce Lee alipendwa Afrika kwa sababu iliyo wazi. Katika Fist of Fury ya mwaka 1972 anakivunja kwa teke kibao kinachowakataza mbwa na Wachina kuingia bustanini. Mkenya aliyeonja ubaguzi wa mkoloni hakuhitaji kufasiriwa teke hilo. Lakini mtu mweusi naye alipewa nafasi gani? Vijana wetu husema staringi hafi. Katika Enter the Dragon ya mwaka 1973, Jim Kelly, Mmarekani mweusi, anauawa kabla ya pambano la mwisho. Tulikaribishwa barazani, ila hatukupewa mkeka wa mbele.

Mkeka huo tumeanza kujitandikia wenyewe. DJ Afro amewapa Wakenya wengi filamu za kigeni kwa Kiswahili cha mtaani, na vicheko anavyovitia ni vyetu. Mimi ni malenga wa Kiswahili, nafurahi lugha yangu inapotamba. Hata hivyo, sipendi Kiswahili kiwe kwa Ekegusii kama Kimandarini kilivyokuwa kwa Kikantoni.

Abagusii walikuwa zaidi ya milioni 2.7 katika hesabu ya watu ya mwaka 2019. Redio yao, Egesa FM, imeonyesha kwamba wasikilizaji wapo. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaiagiza serikali ikuze lugha za wenyeji. Basi kaunti hizi mbili na ziandae mashindano ya wasimulizi wa filamu kwa Ekegusii, pale Keroka mpakani mwao, wasichana na wavulana pamoja. Bibi asiyejua Kiswahili akae karibu na mjukuu wake, wacheke kwa wakati mmoja.

Wako watakaosema huo ni ukabila. La hasha! Ukabila ni kumfungia mwenzio mlango; kusema lugha ya mama si kumfungia mtu. Mkataa kwao ni mtumwa, na mtoto anayemwona shujaa akisema kila lugha ila ya nyanya yake atajifunza kuionea haya.