Maneno ya Barabarani Yawe na Maana Moja

Magari Visiwani yanazidi kuongezeka, na barabara za Mjini hazirefuki wala hazipanuki. Penye uchache wa nafasi hapana budi pawe na utaratibu, na utaratibu wa Serikali humfikia mwananchi kwa maneno: ya kibao, ya askari na ya karatasi ya faini. Maneno yakiwa na shaka, utaratibu nao huwa na shaka. Jambo hili ni dogo kwa sura lakini kubwa kwa taathira, na lafaa litazamwe na wakubwa wanaohusika kabla ya rangi kupakwa barabarani.

Natutoe mfano mmoja. Madereva wengi husema "kupaki", neno lililotoka katika Kiingereza. Lugha yetu tangu zamani inalo "kupakia", yaani kutia mzigo chomboni. Sasa "kupaki" likinyambuliwa kwa ada ya lugha, ili kutaja mahali pa kufanyia tendo hilo, nalo huwa "kupakia". Basi kibao kikisema "Marufuku kupakia hapa", hamali atafahamu kwamba amekatazwa kutia magunia garini, na mwenye gari atafahamu kwamba amekatazwa kuliacha gari lake. Wote wawili wamesoma Kiswahili, na mmoja wao atatozwa faini bila ya kujua kosa lake.

Hali neno letu tunalo, tena la watu wa pwani. Kuegesha ni kukisogeza chombo kando ya gati au ubavuni mwa chombo kingine kikatulia, na humo ndimo lilimotoka "maegesho" tunalolitumia leo kwa magari. Baharia wa Malindi anajua pia kwamba kusogea gatini kushusha abiria, kupakua shehena, na kutia nanga ukalala ni mambo matatu, na kila moja lina mahali pake na muda wake. Barabarani ni vivyo hivyo. Kusimama ni kusita kidogo, dereva akiwa kwenye usukani, abiria apande au ashuke. Kupakia na kupakua ni kazi ya mzigo, nayo yataka saa zake. Kuegesha ni kuliacha gari ukaenda zako.

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu alama za barabarani umezitenga hukumu hizi. Kibao cha duara la buluu chenye mstari mmoja mwekundu hukataza kuegesha. Chenye mistari miwili iliyopishana hukataza hata kusimama. Tukizifunika hukumu mbili kwa neno moja, dereva wa daladala ataona ameonewa, na mwenye gari la binafsi ataona ameruhusiwa.

Fundi anayechora maegesho naye anahitaji maneno. Gari dogo huhitaji nafasi yenye upana wa mita 2.5 hivi na urefu wa mita 5, na baina ya safu mbili zinazoelekeana pabaki njia ya mita 6 ili gari ligeuke. Nafasi zikipangwa mshazari, njia ya kati yaweza kuwa nyembamba zaidi, ila magari yapite upande mmoja tu. Nafasi ya mwenye kiti cha magurudumu lazima iwe pana zaidi. Ikiwa "nafasi", "safu", "njia ya kati", "mlango wa kuingilia" na "wa kutokea" havikukubaliwa mapema, kila mkandarasi atakuja na msamiati wake na dereva atabaki kubahatisha.

Katika Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, suala hili lina uzito wa pekee. Vichochoro vile vilijengwa kwa ajili ya watu wa miguu na punda, wala havitapanuliwa. Gari moja likiachwa mdomoni mwa kichochoro, mgonjwa hatoki, jeneza halipiti, na moto ukizuka mpira wa zimamoto haufiki. Hapo kibao chenye maneno mawili yaliyo wazi chaweza kuokoa roho ya mtu.

Wako watakaosema kwamba watu wanaelewana tu, na pasipoelewana askari yupo ataeleza. Jawabu letu ni kwamba sheria inayongoja kufasiriwa pale pale kando ya barabara hufungua mlango wa kubembelezana na kupatana, na mlango huo ukishafunguliwa huwa taabu kuufunga. Neno lililo wazi humlinda mwananchi asionewe, na humlinda askari mwema asisingiziwe.

Rai yetu ni nyepesi. Idara ya barabara, askari wa usalama barabarani na Baraza la Kiswahili la Zanzibar wakae kikao kimoja, watoe orodha fupi ya maneno, kila neno na maana yake moja. Orodha hiyo itumike katika vibao, katika mitihani ya leseni, katika hati za faini na redioni. Hamali na dereva wa daladala waalikwe katika kikao hicho, kwani wao ndio watakaoyatumia maneno hayo kila siku. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kung'oa vibao vilivyokwisha kusimikwa.